Kampuni Haifi kwa Kuacha Mikutano

Ndugu wanavikundi, akina mama wauza maziwa ya ngamia hapa Garissa wameniuliza: tuandikishe kampuni? Si vibaya, lakini jiulizeni kwanza mtaifunga vipi.

Kikundi husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya 2022. Kwa kawaida ni watu kumi, katiba na kumbukumbu za mkutano. Kampuni iko chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, na hata mtu mmoja anaweza kuiandikisha. Kuingia ni rahisi. Kutoka ndiko kwenye kazi.

Wengine wakigombana, wanagawana friza na mitungi usiku. Hapana! Hiyo ni mali ya kampuni, si yenu. Ikiwa na madeni, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweka foleni: aliyeshika rehani huchukua chake, gharama za mfilisi zinalipwa, halafu mishahara ya wafanyakazi, ndipo wadai wengine. Mwenye hisa ni wa mwisho, na mara nyingi hakuna kilichobaki.

Isipokuwa na deni wala biashara, wakurugenzi wanaweza kumwomba msajili aifute. Mpaka aifute, ripoti ya kila mwaka inadaiwa, hata kama hamjauza lita moja.