Chumvi ya Gongoni na Reli za Majirani

Huenda msomaji wetu wa Malindi au Kilifi akauliza: "Mashauri ya reli za nchi jirani yatuhusu nini sisi, nasi mjini kwetu hatuna hata stesheni?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya gunia la chumvi.

Kaskazini ya Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni, yako mashamba makubwa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, na chumvi ikisha kubaki chini watu huikusanya. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka huko, na nyingine huvuka mpaka kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake.

Yafaa ijulikane kwamba chumvi ni bidhaa nzito yenye bei ndogo. Mwenye kusafirisha dhahabu hababaishwi sana na nauli, kwa kuwa nauli si kitu mbele ya thamani ya mzigo wake. Lakini mwenye chumvi, kila shilingi ya nauli humwonekania. Kwa hiyo bei ya chumvi ya Gongoni katika soko la Kampala haiamuliwi na bahari na jua peke yake. Huamuliwa pia na njia.

Faida ya reli na adui yake

Mzigo mzito wa safari ndefu hufaa kuchukuliwa na reli. Treni moja ya mizigo katika reli mpya ya Kenya yaweza kuvuta makontena 100 na zaidi kwa safari moja, kazi ambayo ingehitaji malori mengi, na kila lori dereva wake na mafuta yake. Lakini faida hiyo ina adui mmoja, nao ni kushusha na kupakia upya. Kila mzigo unapohamishwa, wapagazi hulipwa, muda hupotea na magunia hupasuka.

Wazee wa Kilifi hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa pantoni. Barabara ilikuwapo upande huu na upande ule, lakini safari ilisimama penye maji. Basi, mahali ambapo reli mbili zisizolingana hukutana ni kama kivuko hicho, ijapokuwa hapana maji.

Jinsi reli zilivyounganishwa

Kazi ya kujenga Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilishushwa Kisumu na kutiwa katika meli za ziwani, mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi iliyo kati ya vyuma viwili, ulikuwa mita moja. Wajerumani nao walipojenga reli ya Tanga na Reli ya Kati katika Tanganyika walichagua upana huo huo. Hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipojenga njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, reli za pande mbili ziliungana bila taabu ya upana.

Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1963 reli ya Tanga nayo ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa njia ya Ruvu na Mnyusi. Tangu hapo behewa moja liliweza kutoka Kampala hadi Dar es Salaam bila mzigo wake kushushwa njiani.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikawa na shirika lake la reli. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nao haukufunguliwa tena hata mwaka 1983. Makubaliano ya kugawana mali ya Jumuiya yalitiwa saini Arusha mwaka 1984. Msomaji na atazame jambo hili vizuri: upana wa reli haukubadilika, wala Kahe na Voi hazikuhama. Kilichovunjika kilikuwa mapatano.

Njia mpya, swali lile lile

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999, na umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005, hata bidhaa za nchi mwanachama zikaweza kuvuka mpaka bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi zitimize masharti ya asili ya bidhaa. Mwaka 2017 Kenya ilifungua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435, ambayo ina stesheni Mariakani, katika Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2019 ilifika Naivasha. Mizigo ya Uganda iliyofika huko kwa reli mpya ililazimika kuhamishiwa reli ya kale au malori ili ifike Malaba. Hicho ndicho kivuko cha siku zetu.

Majirani nao wamechagua upana huo mpya. Treni za umeme za Tanzania zilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mwaka huo huo Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga njia ya Malaba hadi Kampala. Treni za Kenya huvutwa kwa injini za dizeli, lakini tofauti hiyo si kizuizi kikubwa, kwa maana injini yaweza kubadilishwa mpakani na mabehewa yakaendelea. Upana ukitofautiana, mabehewa yenyewe hayawezi kupita.

Hata hivyo upana mmoja hautoshi. Lazima nchi zipatane pia behewa la nchi moja litumiweje katika nchi nyingine, nani alipwe nini, na mizigo ikaguliwe wapi. Mapatano hayo yakikosekana, reli iliyonyoka itaishia mpakani.

Mtu wa Gongoni ana sababu ya kuyafuata mashauri hayo. Chumvi yake haina budi kwenda Mombasa kwa barabara, kwani hakuna reli kaskazini ya Mombasa. Nchini Tanzania, chumvi ya Uvinza hutoka mahali penye stesheni ya Reli ya Kati. Mwenye mwanzo mgumu hawezi kumudu safari yenye vivuko vingi mbele. Nauli ikila faida yote njiani, ni vigumu ujira wa mkusanyaji wa chumvi kupanda. Kwa hiyo mawaziri wanapokutana Nairobi, Kampala au Arusha kuzungumza habari za vyuma na mabehewa, wanazungumza pia habari za gunia lililofungwa Gongoni asubuhi ile.