Ukichimba Msingi Ukakuta Vitu vya Kale: Sheria Inasema Nini?

Si ajabu kwa mkaazi wa Gede, Malindi au Mnarani kuchimba msingi wa nyumba au shimo la choo na kukuta vigae vya vyungu, shanga au ukuta wa matumbawe uliofukiwa. Wapo wanaonyamaza wakihofia kupoteza shamba. Wengine huyachukua mawe wakajengee. Makala haya yanaeleza tulicho nacho katika Kaunti ya Kilifi, na hatua za kuchukua unapokuta kitu cha kale.

Urithi wa imani nyingi

Magofu ya Gede ndiyo yanayojulikana zaidi. Mji huu wa Waswahili ulistawi katika karne ya 15 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani yake mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Mabaki ya vyombo vya kaure kutoka China yaliyofukuliwa hapo yanaonyesha umbali ambao biashara ya wenyeji ilifika. Gede ilitangazwa mnara wa kihistoria mwaka wa 1927, na mwezi Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mnarani, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, kuna mabaki ya misikiti na kaburi la mnara. Mjini Malindi, makaburi ya minara yako karibu na Msikiti wa Jamia, na si mbali na hapo kuna kanisa dogo la Wareno. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka wa 1498, ina msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno.

Rabai ndiko walikoanzisha misheni Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka wa 1846. Pia Rabai kuna kaya, kama zilivyo za Giriama, Kauma, Jibana, Kambe na Ribe. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008. Kaya hazina kuta ndefu wala minara, na kwa sababu hiyo watu hudhani ni msitu mtupu. Ukweli ni kuwa ni maskani ya mababu, mahali pa makaburi na maombi. Miiko ya wazee dhidi ya kukata miti ndiyo iliyoihifadhi misitu hiyo hadi leo.

Nani anasimamia?

Katiba imeipa Serikali ya Kitaifa jukumu la minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Serikali za kaunti zimepewa shughuli za kitamaduni na mipango ya maendeleo ya kaunti.

Umepata kitu. Ufanye nini?

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inamtaka aliyegundua mnara au kitu cha kale awajulishe Makavazi ndani ya siku saba, akionyesha mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Kwa hivyo:

1. Simamisha uchimbaji mahali hapo. Usiendelee kufukua wala usikioshe kitu hicho. Kigae kikishaondolewa mahali pake bila kuandikwa, inakuwa vigumu zaidi kwa mtaalamu kujua ni cha enzi gani.
2. Piga picha na uweke alama mahali hapo.
3. Toa taarifa kwa ofisi za Makavazi zilizoko Gede au Malindi. Chifu au msimamizi wa wadi yako anaweza kukuelekeza.
4. Usiuze wala kusafirisha kitu hicho. Kuhamisha vitu vya kale bila kibali ni kosa.

Je, nitapokonywa shamba?

Kutoa taarifa pekee hakukuondolei hatimiliki. Eneo likitangazwa kuwa la ulinzi, ujenzi au kilimo hapo huweza kuwekewa masharti. Serikali ikihitaji kuchukua ardhi yenyewe kwa manufaa ya umma, Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mwenyewe alipwe fidia ya haki, kikamilifu na kwa haraka.

Ukizuru

Usipande juu ya kuta, usiandike jina lako, usiokote hata kigae. Katika kaya, usiingie bila idhini ya wazee, na ufuate masharti yao ya mavazi na upigaji picha.

Jiwe la Gede likijengewa jikoni halirudi tena lilikotoka. Waelimishe mafundi wako kabla hawajashika sululu.