Sekunde moja kabla ya breki

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akiingia barabarani ghafla, dereva huhitaji muda wa kuitambua hatari, kuamua la kufanya na kuupeleka mguu kwenye breki. Kwa dereva aliye makini muda huo ni takriban sekunde moja, na mara nyingi huzidi. Katika sekunde hiyo gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Linakwenda kana kwamba dereva hajaona kitu.

Hapo fizikia ya darasani inagusa uhai wa watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Umbali si badiliko la mahali

Basi likitoka Dar es Salaam hadi Morogoro kisha likarudi palepale lilipoondokea, limetembea karibu kilomita 400. Mafuta yametumika kwa umbali huo wote. Hata hivyo, badiliko lake la mahali ni sifuri, kwa sababu kipimo hiki huangalia mambo mawili tu: mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipo sasa una urefu gani, na unaelekea upande gani.

Kasi na velositi nazo hutofautiana vivyo hivyo. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo. Dereva anayezunguka kiplefti huku mshale wa spidi umetulia kwenye 30 ana kasi isiyobadilika, lakini velositi yake inabadilika wakati wote kwa kuwa gari linageuka. Velositi haibadiliki pale tu barabara inaponyooka na mshale ukatulia. Hapo hesabu ni nyepesi: badiliko la mahali ni velositi mara muda.

Hesabu ya kuokoa maisha

Ili kupata mita kwa sekunde, gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6. Kwa mwendo wa 30, gari husogea mita 8 hivi kwa sekunde. Kwa 80, husogea mita 22. Dereva wa mwendo huo akiangalia simu kwa sekunde mbili tu, gari limeshapita mita 44 bila mtu wa kuliongoza.

Baada ya hapo ndipo breki zinaanza kazi, na velositi inaanza kupungua. Sehemu hii ni kali zaidi: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huongezeka mara nne. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilihimiza mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika mara kwa mara.

Abiria naye ana velositi yake. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ileile na upande uleule mpaka nguvu fulani ikizuie. Gari likigonga na kusimama, mwili wa abiria bado unakwenda mbele kwa mwendo wa awali. Kitakachouzuia ni mkanda, au ni kioo na kiti cha mbele. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio ndani ya gari hadi asilimia 50.

Hesabu sekunde, usikadirie mita

Kukadiria mita ukiwa mwendoni ni vigumu, lakini kuhesabu sekunde kila mtu anaweza. Gari la mbele likipita nguzo ya umeme, hesabu taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwa kuwa umbali ni kasi mara muda, sekunde hizo mbili zinakupa mita 28 kwa mwendo wa 50 na mita 44 kwa mwendo wa 80, bila wewe kupiga hesabu yoyote. Mvua ikinyesha, fanya sekunde ziwe nne.