Mwale Unaotikisika Juu ya Ngomeni

Saa saba mchana, juu ya mashamba ya chumvi ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, hewa hutetema kama iliyo juu ya jiko la makaa. Ukitazama mikoko ya ng'ambo utaiona ikipindapinda, na penye nchi kavu utadhani pana maji: ndiyo mazigazi. Usiku, msukosuko huohuo wa hewa ndio huzifanya nyota zimetamete. Hewa ya moto na ya baridi hupinda nuru kwa viwango tofauti, na upepo huzikoroga pamoja. Kwa mvuvi hilo si neno. Kwa mwale wa leza unaoteremsha data kutoka kwenye setilaiti, ni balaa. Mwale hufika umekunjamana, nao unatakiwa uingie kwenye uzi wa kioo ambao kiini chake kina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, ukikosa kiini hicho kwa milisekunde moja tu, biti milioni 10 zimepotea.

Basi mtu atasema leza iachiwe milima mirefu, kama Tenerife, ambako Shirika la Anga la Ulaya lina kituo chake mita 2,400 juu ya bahari, na Ngomeni ipokee data za setilaiti kwa redio. Siafiki. Msukosuko wa hewa una dawa, na wazo lake lilitolewa na mwanaastronomia Mmarekani Horace Babcock mwaka 1953. Sehemu ya nuru iliyopokewa hupitishwa kwenye safu ya lenzi ndogondogo, kila moja ikitoa nukta yake. Nukta iliyosogea huonyesha mahali mwale ulipokunjika. Kompyuta huamuru vijiti vilivyo nyuma ya kioo chembamba kinachoakisi mwale vikisukume na kukivuta, kikunjike kinyume cha mwale, nao hunyooka. Kazi hiyo hurudiwa mara mia kadhaa, hata elfu, kila sekunde. Si nadharia tupu: mwaka 2023, kituo cha NASA kule California kilichotumia vioo vya aina hii kilipokea gigabiti 200 kwa sekunde kutoka kwenye setilaiti ndogo ya TBIRD.

Pingamizi zito ni mawingu. Hapo hakuna kioo kitakachosaidia. Wingu zito huuzima mwale kabisa. Lakini wingu la masika lililotanda Malindi si lazima liwe limetanda Turkana. Vituo viwili au vitatu vilivyo mbalimbali hupokezana, na redio hubaki akiba.

Ngomeni si ngeni kwa anga. Disemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji hicho. Ombi langu kwa Shirika la Anga la Kenya ni dogo: wekeni darubini ya kupimia msukosuko wa hewa, usiku na mchana, kaskazi na kusi, mwaka mzima, kabla hamjaikataa pwani hii.