Je, Wajua? Kamera ya Mara 125 na Kamera ya Mara 25: Ipi Itoe Pesa Mfukoni Mwako?

Leo safu hii inazipima kamera mbili za zumu kubwa: Nikon Coolpix P1000 na Sony RX10 IV. Zote mbili hazibadilishwi lenzi, zote zinapendwa na wapiga picha wa wanyama na ndege, lakini zimejengwa kwa fikra mbili tofauti kabisa. Soma kabla hujalipa.

Je, wajua kwamba X iliyoandikwa kwenye kamera ni jibu la kugawanya, wala si umbali? Lenzi ya Nikon huanzia milimita 24 na kuishia 3000. Gawanya, unapata mara 125. Sony nayo huanzia 24 lakini huishia 600, ndiyo mara 25. Lenzi ya milimita 100 hadi 500 ni ya mara 5 tu, na bado inafika mbali karibu sawa na Sony hiyo. Kwa hiyo ukilinganisha, tazama kwanza milimita za mwisho.

Je, wajua kwamba ndani ya Nikon hakuna lenzi ya milimita 3000? Kipimo chake halisi kinaishia milimita 539, na cha Sony 220. Namba kubwa zinazotangazwa ni za kulinganisha: zinakuambia ungehitaji lenzi ya urefu gani kwenye kamera ya filamu ya milimita 35 ili uone eneo lilelile. Kinacholeta tofauti ni kihisi cha mwanga. Kikiwa kidogo, lenzi fupi inatosha kuleta mbali karibu.

Je, wajua kihisi cha Nikon kina ukubwa gani? Takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Cha Sony ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kubwa mara nne. Hapa ndipo kamera hizi zinapoachana.

Je, wajua kwamba inayovuta kidogo ndiyo iliyouzwa ghali? RX10 IV ilitoka mwaka 2017 kwa takriban dola 1,700 za Marekani. P1000 ilifuata mwaka 2018 kwa takriban dola 1,000. Mnunuzi wa Sony analipia mwanga na kasi. Mnunuzi wa Nikon analipia umbali.

Je, wajua kwamba f/8 na f/4 hazipishani mara mbili bali mara nne? Nikon ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/8. Sony ikiwa mwisho wake, linafunguka hadi f/4, na hapo kila sehemu ya kihisi hupata mwanga mara nne. Zidisha na eneo la kihisi ambalo nalo ni mara nne, utaona kwamba kwa mandhari yenye mwanga uleule na spidi ileile ya shata, Sony inakusanya mwanga takriban mara 16. Mwanga ukipungua, Nikon italazimika kupandisha ISO, yaani usikivu wa kihisi kwa mwanga, na picha itajaa chenga.

Je, wajua kwamba karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi mno? Kutoka mwanga hafifu wa alfajiri hadi jua kuchomoza ni dakika ishirini na kidogo tu. Ndio muda ambao simba na fisi bado wako mawindoni au wanarudi kutoka huko. Anayeamka saa kumi na moja kwa ajili ya dakika hizo ana haki ya kamera inayoona gizani.

Je, wajua kwamba katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti magari ya watalii hayaruhusiwi kuacha barabara bila kibali maalumu? Chui akiwa juu ya mti mita mia mbili kutoka njiani, atabaki hukohuko. Dereva hawezi kukusogeza, lenzi pekee ndiyo inayoweza, na hapa Nikon inaonyesha thamani yake.

Je, wajua nini kinatokea ukijaribu kuifanya Sony ione kama Nikon kwa kukata picha? Ina megapikseli 20. Kutoka milimita 600 hadi 1200 unabaki na megapikseli 5, zinazotosha kuchapisha picha nzuri ya ukubwa wa karibu inchi 9 kwa 6. Lakini ukikata hadi 3000, zinabaki megapikseli 0.8 tu. Nikon inakupa 16.

Je, wajua, hata hivyo, kwamba megapikseli hizo 16 hazibebi undani wa 16 pale mwisho? Mwanga ukipita kwenye tundu husambaa kidogo. Hiyo ni kanuni ya fizikia na hakuna kioo kinachoikwepa. Kwenye f/8, nukta moja ya mwanga huwa doa la upana wa takriban maikromita 11, wakati pikseli ya Nikon ina maikromita 1.3 hivi. Doa moja linafunika pikseli nyingi. Picha itaonekana, na utamtambua ndege, ila usitarajie kuhesabu kila unyoya.

Je, wajua kwamba Nikon ikivutwa hadi mwisho, mwezi mpevu unajaza fremu yote kutoka juu hadi chini? Kwenye Sony, mwezi huohuo hauchukui hata robo ya kimo cha picha. P1000 ina alama ya mwezi na alama ya ndege kwenye gurudumu lake la kuchagulia. Walioiunda walijua itanunuliwa kwa kazi gani.

Je, wajua ni eneo gani unaloliona kutoka mita 100? Kwa Nikon ya milimita 3000, upana wa mita 1.2 hivi. Kwa Sony ya 600, mita 6. Simba mzima aliyesimama ubavu hatoshi kwenye Nikon, utapata kichwa na mabega. Na akipiga hatua mbili, umempoteza. Ndiyo maana Nikon imewekwa kitufe ubavuni: ukikibonyeza, lenzi inarudi nyuma kidogo umtafute mnyama, ukikiachia inarudi pale ilipokuwa.

Je, wajua kanuni ya zamani ya mkono kutetemeka? Spidi ya shata isipungue moja gawanya kwa milimita za lenzi. Kwa 3000, hiyo ni 1/3000 ya sekunde. Kidhibiti mtikisiko cha Nikon, kwa vipimo vya kampuni yenyewe, kinakuruhusu kushusha spidi mara 32, hadi karibu 1/100. Lakini kinatuliza mkono wako, si mnyama. Swala anayekimbia ataendelea kuonekana ukungu.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa zumu ndefu ni hewa? Ardhi ikipata joto saa sita mchana, hewa juu yake hucheza na mistari yote ya picha hupinda. Ukiongeza milimita, unakuza na mchezo huo. Umbali ukiwa mkubwa, piga asubuhi mapema au baada ya mvua.

Je, wajua tofauti ya kasi? Nikon hupiga picha saba mfululizo kwa sekunde moja, kisha hupumzika. Sony hupiga 24 kwa sekunde na inaweza kufikisha 249 kwa mfululizo, huku pointi zake 315 za fokasi zikimfuata anayesogea. Kwa ndege anayeruka, hapa hakuna ubishi.

Je, wajua kwamba lenzi ndefu inaweza kushindwa kuona kilicho karibu? Nikon ikiwa mwisho wake haishiki fokasi chini ya mita 7. Sony inashika kutoka sentimita 72. Anayewapenda vinyonga wa milima ya Usambara au vipepeo wa bustanini afikirie hilo. Zikiwa kwenye upana wao wote, Nikon hushika kutoka sentimita 1 na Sony sentimita 3.

Je, wajua kwamba lenzi inayochomoza na kurudi huvuta hewa ndani, pamoja na vumbi? Sony imezibwa kupunguza vumbi na unyevu kupenya. Nikon haina kinga hiyo. Na kwa kuwa lenzi haibanduki kwenye kamera, vumbi likifika kwenye kihisi hulifuti nyumbani, ni kazi ya fundi. Anayekwenda kwenye vumbi jekundu la Tsavo abebe mfuko wa kuifunika.

Je, wajua uzito? Nikon gramu 1,415, Sony gramu 1,095. Betri ya Nikon imekadiriwa picha 250, ya Sony 400. Kwa yoyote kati ya hizo, bei ya betri ya pili iwe ndani ya bajeti yako tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba zumu ya kidijitali haileti chochote karibu? Nikon inaweza kufika kipimo cha milimita 12,000 kwa njia hiyo, lakini ni kukata katikati ya picha na kuitanua. Kazi hiyo utaifanya nyumbani kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba ndugu wa kamera hizi wanaweza kukuokolea pesa? RX10 III ya mwaka 2016 ina lenzi ileile ya 24 hadi 600; inachokosa hasa ni kasi ya fokasi. Upande wa Nikon, P950 ya mwaka 2020 inafika milimita 2000 na ina uzito wa kilo moja tu. Na P1100 ya mwaka 2025 imebaki na lenzi ya mara 125, ikaongezewa tundu la USB-C.

Je, wajua kwamba baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee? Ukinunua iliyotumika, fungua menyu ya lugha kwanza. Kisha ivute hadi mwisho mara kadhaa usikilize mota: isikwame, isikwaruze. Piga ukuta mweupe na ukuze picha. Madoa yanayobaki palepale kila picha ni vumbi la ndani.

Je, wajua jaribio bora la dukani? Nenda na kadi yako ya kumbukumbu. Simama mlangoni, piga bango moja la ng'ambo ya barabara kwa kamera zote mbili, kisha piga kona yenye giza ndani ya duka. Ziangalie picha hizo nyumbani kwenye skrini kubwa kabla hujaamua.

Uamuzi wetu ni huu. Kama unapiga ndege waliotua ng'ambo ya ziwa, majahazi yaliyo mbali baharini au mwezi, na una jua la kutosha na stendi ya miguu mitatu, chukua Nikon; nje ya familia yake, hakuna kitakachokufikisha huko kwa bei hiyo. Kama unapiga alfajiri, kwenye vumbi, vitu vinavyokwenda mbio, na mara mojamoja harusi au mkutano wa jioni, jibane uongeze pesa uchukue Sony. Na kama bado unasita, andika picha kumi unazotaka kuzipiga mwaka huu. Mbele ya kila moja andika saa, umbali na kama kitu kinasogea. Saa za giza na mwendo zikizidi, ni Sony. Umbali ukizidi, ni Nikon.