Maumivu ya Haja Kubwa: Tusiyafiche



Kuna ugonjwa ambao wengi wetu tunauficha kwa haya. Ukienda haja kubwa unasikia kama umekatwa na wembe, na maumivu yanaweza kuendelea saa nzima au zaidi. Unaona damu nyekundu kidogo. Huo ni mpasuko: ngozi ya njia ya haja imechanika. Usiuchanganye na bawasiri, ambayo mara nyingi hutoa damu bila maumivu makali, au huleta uvimbe.

Unatokana na nini? Mara nyingi ni choo kigumu. Mchumaji wa chai katika vilima vya Rusizi hujizuia asipoteze kilo kabla ya mzani. Anayefanya kazi katika joto la Bugarama hutoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo. Choo kinakauka tumboni, kikitoka kinachana. Kisha mtu anaogopa maumivu, anajizuia tena, choo kinazidi kuwa kigumu, na jeraha haliponi.

Basi tufanye hivi nyumbani:

1. Kunywa maji safi mara kwa mara, hata kazini.
2. Kula maharage, dodo, sombe, papai na avokado kila siku.
3. Haja ikikushika, nenda. Usijikamue kwa nguvu.
4. Keti katika beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hasa baada ya haja.
5. Jisafishe kwa maji, ujikaushe taratibu. Usipake pilipili, chumvi wala dawa za majani, zinachoma jeraha.

Mpasuko mpya kwa kawaida hupona ndani ya wiki 6. Usipopona, nenda kituo cha afya. Kuna dawa ya kupaka inayolegeza msuli. Usingoje wiki hizo ukiona damu nyingi, choo cheusi, usaha, homa, au ukikonda bila sababu. Hiyo huenda ni ishara ya ugonjwa mwingine mkubwa.

Ndugu, beseni peke yake halitoshi ikiwa kazini hakuna maji wala choo cha karibu. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi. Tuwaeleze wajumbe wetu tuliowachagua, walifikishe jambo hili mezani. Kwenda choo si uvivu.