Usiandike "Inacheza Gemu Zote" Kabla Hujaipima Laptopu

Leo naongea na wale tunaouza laptopu za mtumba kupitia stetasi za WhatsApp, Facebook na Instagram. Kuna sentensi moja tunaipenda sana: "Inacheza gemu zote kali." Mi niliiandika mwaka 2024, ikamwaribia kijana mmoja wa Muleba biashara yake kabla hata hajaifungua.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu nikuoneshe jinsi ya kupima laptopu kama inaiweza gemu nzito au haiiwezi. Huhitaji kusomea kompyuta. Mi niliishia kidato cha nne, mengine yote nimejifunza dukani, hapa Bukoba mjini, kwa kukosea na kuuliza.

ILIVYOKUWA

Nilishusha laptopu moja ya ofisini kutoka Dar. Kuinunua na kuisafirisha kwa basi ilinigharimu 575,000. Nikapiga picha nzuri, nikaposti: "Core i7, RAM 8GB, SSD 256GB, Graphics 4GB, inacheza gemu zote kali. 650,000 tu."

Siku hiyohiyo kijana wa Kamachumu akanitumia meseji: "Kaka, inacheza FC 24?" FC 24 ni ile gemu ya mpira iliyotoka Septemba 2023, baada ya jina la FIFA kuondolewa. Nikaingia intaneti, nikaona wenye gemu wameandika kima cha chini ni prosesa ya i5-6600K na RAM 8GB. Ya kwangu ilikuwa i7-6600U. Nikajiambia, i7 ni kubwa kuliko i5, namba ni ileile 6600, RAM ipo, graphics 4GB ipo. Nikamjibu: "Inacheza vizuri sana, njoo na hela."

Alikuja na baba yake. Mzee alikuwa ametoka kuuza kahawa. Akahesabu noti moja moja pale mezani, akaniambia, "Mwanangu, hii ndo mtaji wa mdogo wako. Anafungua kibanda cha gemu pale kwetu." Kijana alikuwa ameshalipa chumba cha mwezi mmoja, ameshaazima TV na ameshanunua pedi mbili. Mi nikafurahia faida yangu ya 75,000.

Baada ya siku nne simu ikaita. Gemu ilifunguka, lakini mchezaji akipiga pasi, picha inaganda, ikija kutulia mpira umeshatoka nje. Feni inalia kama bodaboda inayopanda mlima na mishikaki. Watoto waliokuja siku ya kwanza walidai hela yao wakaondoka.

Waitu, sikuwa na la kusema. Mzee alirudi na ile laptopu imefungwa kwenye kitenge, hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tu, "Sasa wewe uliijaribu?" Sikuwa nimeijaribu. Na hela nilikuwa nimeshaagizia simu. Nikampa 400,000 siku ile pamoja na nauli yao, 250,000 nikaimalizia baada ya wiki tatu. Kufika hapo mwezi wa chumba ulikuwa umeisha. Laptopu yenyewe baadaye niliiuza 600,000 kwa mwalimu, anaandalia mitihani mpaka leo na anaisifu. Laptopu haikuwa mbovu. Tangazo langu ndo lilikuwa bovu.

NILIKOSEA WAPI?

Sehemu mbili, na nina uhakika wengi tunakosea hapohapo.

Kosa la kwanza: nilisoma namba ya prosesa, sikusoma herufi ya mwisho. i5-6600K ni ya kompyuta kubwa ya mezani, ina viini 4 na imetengenezwa kwa matumizi ya umeme ya wati 91. i7-6600U ni ya laptopu nyembamba, ina viini 2 na wati 15. Viini ni kama vibarua shambani. Vibarua wawili wanaokula kidogo huwezi kuwapa kazi ya wanne walioshiba, hata kama hao wawili wamevaa fulana ya "i7".

Kwa hizi Intel za mtumba, shika hivi: U ni ya kubana umeme, nzuri kwa ofisi na chuo. H au HQ ni ya laptopu yenye nguvu. K utaikuta zaidi kwenye kompyuta za mezani. Mfano, i5-6300U ina viini 2, i5-6300HQ ina viini 4. Namba ileile, mashine tofauti kabisa.

Kosa la pili ndo kubwa: ile "Graphics 4GB" haikuwepo. Niliiona kwenye skrini nikadhani ni ya kweli. Kumbe laptopu ile ilikuwa na Intel HD Graphics 520, ambayo imejengwa ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake. Inaazima kwenye RAM. Ukiwa na RAM 8GB, Windows inakuandikia kwamba inaweza kuazima karibu 4GB.

Elewa hivi: kuna mwenye kibanja chake, na kuna anayelima kwa kuazima shamba la ndugu. Wote watasema "nalima ekari moja". Lakini msimu ukikolea, mwenye shamba naye analitaka. FC 24 ilitaka mwenye kibanja: kima cha chini ni kadi ya grafiki ya NVIDIA GTX 1050 Ti yenye 4GB zake mwenyewe, au AMD RX 570 yenye 4GB. Mi nilisoma mstari wa prosesa na wa RAM, mstari wa grafiki nikauruka kwa sababu niliona "4GB" nikaridhika.

JINSI YA KUPIMA

1. Jua jina la gemu na mwaka wake.
"Gemu" peke yake haina maana. GTA San Andreas ya kompyuta ilitoka 2005 na kima chake cha chini cha RAM ni 256MB, hata ile laptopu ya mwalimu inaicheza bila shida. GTA V ya kompyuta ilitoka 2015, FC 24 ni ya 2023. Hizo ni mizigo mitatu tofauti. Mteja akiuliza "inacheza gemu?", mwulize "gemu gani?"

2. Tafuta mahitaji kwa wenye gemu wenyewe.
Ingia tovuti ya gemu au duka la Steam, shuka chini mpaka "System Requirements". Utakuta safu mbili. "Minimum" maana yake gemu itachezeka, ila kwa picha ya chini. "Recommended" ndo inacheza vizuri. Mteja wa nyumbani anaweza kuvumilia ya kwanza. Mteja anayefungua kibanda, watu wanamlipa kwa mechi, mshauri alenge ya pili.

3. Soma laptopu yako.
Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikifunguka Task Manager, nenda "Performance". Hapo karibu kila kitu kipo:
- CPU: jina kamili la prosesa liko juu kulia. Andika namba yote na herufi ya mwisho. Chini angalia "Cores", hivyo ndo viini.
- Memory: ukubwa wa RAM, na "Slots used". Ikiandika 1 of 2, nafasi moja iko wazi, unaweza kuongeza. RAM mbili zinazofanana zinaisaidia sana laptopu yenye grafiki ya kuazima, kuliko moja.
- Disk: itakuambia ni SSD au HDD. Nafasi iliyobaki iangalie kwenye This PC. SSD ya 256GB Windows inaionesha kama 238GB, na Windows yenyewe inakula humohumo. FC 24 inataka 100GB.
- GPU: hapa ndo penyewe. Ukiona GPU 0 peke yake na jina ni Intel HD au UHD, hiyo ni grafiki ya kuazima. Ukiona na GPU 1 yenye jina la NVIDIA au AMD, ibonyeze usome "Dedicated GPU memory". Dedicated ndo kibanja. "Shared GPU memory" ni shamba la ndugu, usiliandike kwenye tangazo kabisa.

Kama laptopu ni ya NVIDIA lakini GPU 1 haionekani, huenda draiva hazijawekwa. Weka draiva kwanza, ndo upime.

4. Linganisha mstari kwa mstari.
Mstari mmoja ukifeli, usijipe moyo kwa sababu mitatu imefaulu. Na usidhani neno NVIDIA linatosha. MX150 ya 2GB ni kadi ya kweli, lakini haifiki GTX 1050 Ti. GTX 1650 ya 4GB inaipita. Kama hujui kadi ipi inaipita ipi, andika YouTube jina la kadi na jina la gemu, utaona watu wakiicheza. Angalia video nzima, soma na ubora wa picha walioweka. Mwingine anaonesha inaenda vizuri kumbe kashusha kila kitu mpaka wachezaji hawana sura.

5. Ipe kazi nusu saa.
Namba zinaweza kufaulu na laptopu ikafeli, kwa sababu ni ya mtumba. Feni imejaa vumbi, dawa ya kupooza prosesa imekauka. Ikipata joto inajipunguzia nguvu ili isiungue. Mi natumia programu ya bure inaitwa Unigine Heaven. Ukishaipakua mara moja inakaa kwenye flashi, haihitaji intaneti. Chomeka chaja, maana laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinapunguza nguvu. Weka laptopu mezani, sio kitandani. Iache iende dakika 30.

Pale juu itaonesha FPS, yaani picha ngapi zinapita kwa sekunde moja. Andika namba ya mwanzo na ya mwisho, ukizisoma kwenye picha ileile inapojirudia, maana kila picha ina uzito wake. Kwenye gemu za mpira, 60 ni raha, 30 inavumilika, chini ya hapo mteja atakupigia simu. Ikianza na 55 ikaishia 25, una tatizo la joto. Safisha feni, badilisha dawa, pima tena.

Kama unauza laptopu za gemu mara kwa mara, weka gemu yenyewe dukani. Mteja akae, ashike pedi, acheze mechi nzima. Hapo hakuna maneno tena.

MWAMBIE MTEJA NA HILI

Gemu ya 100GB haishuki kwa bando la siku. Kwa intaneti ya kasi ya Mbps 20 isiyokatika ni kama saa 11. Kwa Mbps 5 ni kama saa 44. Mteja wa kisiwani au kijijini akijua hilo mapema atajipanga ashushie mjini. Asipojua, lawama ni kwako.

TANGAZO LIANDIKWEJE?

La zamani unalijua. La sasa naandika hivi:

"Prosesa i7-6600U, viini 2. RAM 8GB. SSD 256GB. Grafiki ya ndani Intel HD 520, haina kumbukumbu yake. Nzuri kwa ofisi, chuo, filamu na gemu za zamani kama San Andreas. FC 24 na GTA V usiinunulie."

Utasema sentensi ya mwisho inafukuza wateja. Ni kweli, inafukuza. Mwezi uliopita kuna mmoja alikuja ameshika hela, anataka ya FC. Nikamwambia niliyonayo haiwezi. Akaondoka, hakurudi, sijui alinunua wapi. Iliniuma, kodi ya fremu ilikuwa imekaribia. Lakini nikikumbuka ile laptopu kwenye kitenge, afadhali hivyo.

Na usisahau, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. "Sikujua" haimrudishii mtu mtaji wake.

Yule kijana wa Kamachumu hakufungua kibanda msimu ule. Hela ilirudi yote, muda haukurudi. Kwa hiyo kabla hujaposti, jiulize lile swali la mzee: wewe uliijaribu?

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza laptopu. Kama unayo moja hapo na hujui inaweza nini, weka kwenye komenti jina kamili la prosesa, jina la GPU na gemu anayotaka mteja. Tutaisoma pamoja.